Spika za komponenti kwenye gari: twita ikae wapi, na kwa nini

Seti ya komponenti ina spika mbili za mlangoni, mara nyingi za inchi 6.5, twita mbili (spika ndogo za sauti nyembamba) na krosova mbili (visanduku vinavyogawa sauti, nene kwa spika kubwa na nyembamba kwa twita). Spika ya koaksia, ile yenye twita iliyosimama katikati yake, haikuachii la kuchagua: palipo na tobo ndipo inapokaa. Komponenti inakuachia, na hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Twita inabandikwa kwenye kona ya dashibodi kwa sababu waya umefika hapo, kisha mwenye gari anashangaa kwa nini inachoma masikio na mwimbaji anasikika kama amepakatwa na dereva.

Kabla ya kununua chochote, kaa kwenye kiti cha dereva ukiwa umeegemea kama unavyoendesha, na mtu mwingine apime kwa futi kutoka puani kwako hadi spika ya kila mlango. Kwenye saluni ya usukani wa kulia, mlango wa kulia utakuwa kwenye sentimita 85 hivi na wa kushoto kwenye 140. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa kila milisekunde moja, kwa hiyo spika ya kulia inatangulia kufika kwa zaidi kidogo ya milisekunde moja na nusu, tena ikiwa na nguvu zaidi. Sikio huelekea upande uliotangulia. Tatizo lote la gari liko hapo, na kila uamuzi wa mahali pa kuweka spika ni njia ya kupunguza tofauti hiyo.

Mlango kwanza

Spika ya inchi 6.5 karibu kila mara itabaki kwenye tobo la kiwandani. Vua kava la mlango, kisha shusha kioo hadi mwisho na upime nafasi kati ya bati na kioo. Ukipima kioo kikiwa juu, utafunga spika vizuri kabisa, na siku ya kwanza ya joto kioo kitagonga sumaku. Kina cha nyuma cha spika kimeandikwa kwenye karatasi yake. Kama nafasi haitoshi, ringi ya unene wa milimita 18 itaisogeza mbele, mradi kava lirudi bila kugusa koni, ile sehemu ya mbele inayotikisika. Ringi ya MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, hunywa maji ya mvua ikavimba na kukatika, kwa hiyo ipake rangi ya mafuta pande zote pamoja na ndani ya matobo ya skrubu, au tumia plastiki. Kwenye Toyota nyingi spika ya zamani imeshikwa kwa riveti: zitoboe kwa drili, na ufagie vyuma vilivyoanguka ndani ya mlango.

Matobo makubwa kwenye bati la ndani ndiyo wezi wa besi. Koni ikisukuma mbele, hewa ya nyuma inavuta, na zikikutana kupitia matobo hayo zinafutana. Yazibe kwa mkeka wa butili (mpira unaonata) wenye alumini. Tobo kubwa liwekee kwanza kipande cha plastiki ngumu. Acha njia ya kufikia mota ya kioo, na usizibe kamwe vitobo vya chini vinavyotoa maji, maana mlango utaoza. Kisha zungushia spika ukanda wa sponji unaogusana na kava, ili sauti itoke kwenye grili badala ya kupotelea nyuma ya kava. Kazi hii ya mlangoni inabadilisha besi kuliko kubadilisha spika zenyewe.

Twita

Spika kubwa na twita hupokezana kwenye Hz 2,500 hadi 3,500, na katika eneo hilo zote mbili zinaimba kwa pamoja. Wimbi la Hz 3,000 lina urefu wa sentimita 11 na ushee. Twita ikiwa juu ya nguzo ya kioo cha mbele na spika iko chini karibu na goti, sentimita 60 au 70 mbali, kuna sehemu mawimbi yatasaidiana na sehemu yatauana. Dalili yake ni sauti ya mwanamke inayobadilika ukiinamisha kichwa kidogo, au matoazi kuwa juu huku ngoma ziko miguuni.

Kwa redio ya kawaida isiyo na mpangilio wa kuchelewesha sauti, tunapendelea twita juu ya mlango wenyewe au kwenye ile plastiki ya pembetatu ya kioo cha pembeni. Inabaki karibu na spika yake kiasi, na sauti inapanda hadi usawa wa dashibodi. Nguzo inainua sauti vizuri zaidi, lakini inataka vifaa vya kurekebisha. Tena kama nguzo imeandikwa SRS AIRBAG, usibandike wala usitoboe kitu hapo: eabegi ya pazia, yaani mfuko wa hewa wa usalama, ikifunguka, twita inageuka jiwe. Kona ya dashibodi, twita ikitazama kioo, ndiyo rahisi na ndiyo mbaya zaidi. Kioo kinarudisha sauti ileile ikiwa imechelewa kidogo, ndiyo maana inakuwa kali bila kuwa safi. Pembeni mwa miguu, chini ya dashibodi, tofauti ya umbali kati ya kulia na kushoto ni ndogo kuliko popote pengine, ila upande wa dereva huenda ukakuta kuna wenzo wa boneti au wiring, na mguu nao unaziba.

Usitoboe kitu siku ya kwanza. Shika twita kwa plastasini au tepu ya karatasi, unganisha waya mrefu, na cheza sauti ya mtu mmoja anayezungumza: taarifa ya habari inafaa kuliko muziki. Weka balansi katikati. Msomaji wa habari anatakiwa asikike akiwa mbele, karibu na katikati ya dashibodi. Akiwa kwenye usukani, geuza twita ya kulia isikutazame wewe bali kichwa cha abiria, huku ya kushoto ikikutazama moja kwa moja. Sauti za juu kabisa hupungua unapokuwa pembeni mwa twita, kwa hiyo ile ya karibu inapoa na ya mbali inapata nguvu. Sogeza sentimita 3 au 4 kwa wakati, sikiliza, kisha weka alama kwa kalamu. Siku mbili tatu za kuendesha na tepu si aibu. Tobo kwenye kava halizibiki.

Waya na krosova

Spika moja ikiwa imegeuzwa chanya na hasi, besi inapotea na msomaji wa habari hana mahali anaposimama. Chomoa spika ya mlango kwenye krosova, gusa nyaya zake kwa betri ya volti 1.5, chanya kwa chanya: koni itoke nje. Gusa tu na kuachia. Usijaribu hivyo kwenye twita. Koili yake ni nyembamba. Twita zipimwe kwa sikio: geuza nyaya za zote mbili kwa pamoja, uache hali ambayo sauti ya mtu imejaa zaidi.

Krosova isiwekwe ndani ya mlango kwenye maji. Ifungwe chini ya dashibodi au kiti, na waya upite kwenye mpira wa bawaba pamoja na nyaya za kiwandani. Nyingi zina swichi ya kupunguza twita, desibeli 0 au -3. Twita ikiwa karibu na uso, anzia -3.

Kama redio au amplifaya ina mpangilio wa kuchelewesha, toa umbali wa karibu kwenye umbali wa mbali, gawa kwa 34, na jibu ni milisekunde za kuchelewesha ile ya karibu. Kwa mfano wa mwanzo ni 55 gawanya kwa 34, yaani kama 1.6 kwa mlango wa kulia. Kama krosova inalisha spika na twita kwa chaneli moja, zitachelewa pamoja, na hapo ndipo ukaribu wao unapolipa. Hesabu hii ni ya kiti kimoja tu: aliyekaa kushoto atasikia kila kitu kimemlalia yeye, kwa hiyo hifadhi mpangilio wa pili usio na uchelewesho kwa siku gari likiwa na watu.