Mcharuko wa ukoma: usiishie kwenye ngozi, pima mishipa ya fahamu

Mgonjwa anaendelea vizuri na dawa mseto (mchanganyiko wa dawa za kutibu ukoma), mara mabaka yanavimba au homa inapanda. Huo ndio mcharuko. Wengi hudhani dawa ndiyo imemdhuru. Hapana, ni kinga ya mwili inayopambana na vimelea, hata waliokwisha kufa.

Hatua ya 1: Tambua aina. Aina ya kwanza huwasha moto mabaka yaleyale ya zamani: yanakuwa mekundu na kuvimba. Aina ya pili huleta vinundu vipya vinavyouma, homa, maumivu ya viungo, pengine macho mekundu au korodani kuvimba.

Hatua ya 2: Pima mishipa ya fahamu. Hapa usiharakishe, hata foleni ikiwa ndefu. Papasa mshipa wa kiwiko, wa pembeni chini ya goti, na wa nyuma ya kifundo cha ndani cha mguu, huku ukimtazama usoni. Atakunja uso kabla hajasema anaumia. Kisha afumbe macho, umguse viganja na nyayo kwa ncha ya kalamu, aoneshe ulipogusa. Mwisho pima nguvu: atanue kidole kidogo, asimamishe kidole gumba, ainue wayo, afumbe macho kwa nguvu. Linganisha na vipimo vya awali kwenye kadi yake. Ganzi au udhaifu wa chini ya miezi 6 una nafasi nzuri ya kurudi ukitibiwa. Ukichelewa, ulemavu hubaki.

Hatua ya 3: Dawa mseto iendelee. Kuisimamisha hakutulizi mcharuko.

Hatua ya 4: Prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili na uvimbe. Kwanza angalia sukari, presha na dalili za kifua kikuu, na mpe dawa ya minyoo. Mtu mzima mara nyingi huanza na miligramu 40 kila asubuhi, kisha kipimo hupunguzwa polepole kwa takriban wiki 20. Asiache ghafla. Aina ya pili hujirudia, ndiyo maana huongezewa klofazimini, mojawapo ya dawa za ukoma. Hiyo huchukua wiki kadhaa kuonesha kazi na huifanya ngozi iwe nyeusi, mwambie mapema asije akaitupa. Thalidomidi, dawa nyingine ya aina ya pili, ni ya mtaalamu, na mjamzito haigusi kabisa.

Hatua ya 5: Nani apelekwe hospitali. Mwenye jicho jekundu linalouma, mabaka yenye vidonda, korodani zilizovimba, mjamzito, au mtoto. Wengine warudi kila wiki 2 kupimwa upya. Na kwa kuwa mcharuko huweza kuja hata baada ya dawa kuisha, mwelekeze arudi siku ileile anapohisi ganzi mpya.