Asilimia 32 ya Nini? Jinsi Ninavyofuatilia Ahadi ya Kenya ya Gesijoto

Nilikuwa hewani kipindi cha asubuhi nikasoma kwamba Kenya imeahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 32 ifikapo 2030. Simu ya kwanza ilitoka kwa mwalimu mstaafu wa Kaloleni. "Mwanangu," akaniuliza, "asilimia 32 ya nini?" Sikuwa na jibu. Jioni ile nilinunua daftari la miraba, lile la hesabu la watoto wa shule, na hadi leo ndilo ninalotumia.

Anza na swali la mwalimu. Tafuta waraka wenyewe wa ahadi, maana taarifa za habari huacha nusu ya sentensi. Nyaraka za nchi zote zimo kwenye tovuti ya sekretarieti ya Umoja wa Mataifa ya tabianchi. Ule wa Kenya wa Desemba 2020 unasema asilimia 32 chini ya tani milioni 143 za gesijoto, yaani kiwango ambacho nchi ingefikia mwaka 2030 kama mambo yangeachwa yaende yenyewe. Toa asilimia 32, unabaki na tani milioni 97 hivi. Waraka huohuo unasema mwaka 2015 Kenya ilitoa tani milioni 93.7.

Hapo nilisoma mara mbili. Lengo liko juu ya kiwango cha 2015! Kwa hiyo "kupunguza" hapa maana yake ni kuzuia ongezeko lisipite dari. Sioni aibu yoyote kwa nchi inayotoa kidogo kiasi hiki, lakini msikilizaji ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi.

Sasa chora. Miaka ikae kwenye mstari wa chini, kushoto kwenda kulia; tani milioni zipande kando. Weka nukta ya 2015 kwenye 93.7, nyingine ya 2030 kwenye 143, na ya tatu, kwa wino mwekundu, kwenye 97. Unganisha ya kwanza na kila moja ya hizo mbili. Mistari hiyo ni ya rula yako tu, serikali haikuichora, lakini itakuonyesha nukta mpya imeangukia upande gani.

Nukta mpya hutoka kwenye ripoti za gesijoto ambazo Mkataba wa Paris wa tabianchi unazitaka kila miaka miwili; za kwanza zilitakiwa kufikia tarehe 31 Desemba 2024. Angalia takwimu ni za mwaka gani, si ripoti imetolewa lini. Huwa nyuma kwa miaka miwili, hata mitatu.

Kabla hujaunganisha nukta mbili, kagua kizidishi cha methani, yaani namba inayozidishwa na kilo za gesi hiyo ili zihesabiwe kama kaboni dayoksaidi. Hapa ndipo nilipokosea vibaya zaidi, nikatangaza ongezeko ambalo sehemu yake lilikuwa la karatasi tu. Mchukue ng'ombe mmoja asiye wa maziwa. Mwongozo wa kimataifa wa 2006 wa kuhesabu gesijoto unamkadiria ng'ombe wa namna hiyo barani Afrika kilo 31 za methani kwa mwaka, kwa kucheua tu. Ripoti za zamani zilizidisha kwa 21, ikawa sawa na kilo 651 za kaboni dayoksaidi. Siku hizi kizidishi ni 28, na ng'ombe yuleyule, kwenye malisho yaleyale, anahesabiwa kilo 868. Kwa Kenya, ambako kilimo na mifugo hubeba fungu kubwa, tofauti hiyo inaweza kusogeza mstari mzima. Vizidishi vikitofautiana, usiunganishe. Tafuta kama ripoti mpya imepiga upya hesabu ya miaka ya nyuma, utumie hiyo.

Kati ya ripoti na ripoti, mimi hutazama mauzo ya mafuta kwenye Utafiti wa Uchumi unaotolewa kila mwaka na Shirika la Takwimu, KNBS. Umeme siupi kurasa nyingi. Sehemu kubwa tayari inatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mito na upepo, kwa hiyo habari njema ya huko husogeza mstari kidogo. Kwenye miti, ambayo hufyonza kaboni, uliza iliyoota, usitosheke na iliyopandwa.

Andika pesa pia. Katika ahadi ya 2020 Kenya ilijitwika asilimia 13 ya gharama zote, zikiwemo za kukabili athari; iliyobaki inategemea msaada wa nje. Kufuatilia tani bila kufuatilia pesa hizo ni kumwonea anayefuatiliwa.

Ahadi ikibadilika, fungua ukurasa mpya, wa zamani usiufute. Ile ya 2035 ni asilimia 35 chini ya tani milioni 215. Piga hesabu: dari ni karibu 140. Asilimia imepanda, na dari nayo imepanda, tena sana. Hilo nilimpigia mwalimu simu kumweleza kabla sijalisema hewani.

Ripoti inayofuata inatakiwa kabla ya mwisho wa 2026. Nafasi yake kwenye daftari iko wazi, na kando yake nimeandika kwa penseli: kizidishi kipi?