Namna ya Kuandika Maisha ya Godwin, Liwali wa Wessex, kwa Nyaraka Zilizobaki

Godwin alitawala Wessex, yaani sehemu kubwa ya kusini mwa Uingereza, tangu takriban mwaka 1020 hadi alipofariki mwaka 1053, akiwatumikia wafalme wanne. Hakuna barua yake iliyobaki, wala wasia. Tunayoyajua yameandikwa na wengine, na wengi wao walikuwa na upande. Kwa hiyo usianze na masimulizi. Anza na nyaraka, jiulize kila moja imetoka kwa nani, ndipo usimulie.

Tuelewane kwanza kuhusu cheo. Kwa Kilatini aliandikwa dux, kwa Kiingereza cha kale eorl. Hapa tunamwita liwali kwa sababu alitawala majimbo kwa niaba ya mfalme, akakusanya askari na kusimamia mabaraza. Ila maliwali wa pwani yetu waliteuliwa na sultani na wangeweza kuondolewa. Godwin alikuwa na mashamba yake, watu wake na wanawe, na ndiyo maana kumwondoa kulikuwa kazi ngumu.

Chora jedwali lenye safu sita: mwaka, nyaraka, nakala, cheo alichopewa, nafasi yake kwenye orodha, na walioandikwa juu na chini yake. Hati za Waanglo-Saksoni zina namba zinazoanza na herufi S, na orodha yake inapatikana bure mtandaoni. Andika namba hiyo kila mara, la sivyo baada ya wiki moja hutajua jina fulani ulilitoa wapi.

Asili yake itafute kwenye S 1503, wasia wa mwana wa mfalme aliyeitwa Athelstan, wa mwaka 1014. Humo Godwin mwana wa Wulfnoth anarudishiwa shamba la Compton lililokuwa la baba yake. Shamba lilipoteaje? Mwaka 1009, Wulfnoth wa Sussex alishtakiwa mbele ya mfalme, akakimbia na merikebu 20. Mshtaki wake akamfuata na merikebu 80, dhoruba ikazitupa pwani, naye Wulfnoth akazichoma moto. Kwamba Godwin wa wasia ndiye huyu liwali si jambo lililoandikwa waziwazi popote. Linajengwa kwa ushahidi, na ulio mzuri ni jina: Godwin naye alimwita mmoja wa wanawe Wulfnoth, jina la babu. Eleza hivyo, kama hoja.

Kisha hati za mfalme. Hapa usiwe na haraka. Hati ya kutoa ardhi huishia na orodha ya mashahidi: mfalme, maaskofu wakuu, maaskofu, maabati, maliwali, halafu watumishi wa mfalme wanaoandikwa minister. Aliye juu ndani ya kundi lake ndiye mwenye heshima zaidi. Godwin anaonekana na cheo cha dux tangu 1018, na ndani ya miaka ya 1020 jina lake linapanda hadi kuwa la kwanza miongoni mwa maliwali. Hesabu nafasi yake ndani ya kundi la maliwali tu. Ukihesabu kuanzia kwa mfalme, utadhani ameshuka, kumbe siku hiyo maaskofu walikuwa wengi.

Macho nayo hudanganya. Sauti ya w iliandikwa kwa herufi ƿ, inayofanana mno na p. Ukiona "Godpine" kwenye nakala ya zamani iliyochapwa vibaya, ni Godƿine, yaani Godwin. Kosa jingine ni kudhani kila Godwin ni yeye. Jina hilo lilikuwa la kawaida kama Juma au Ali. Asiye na cheo cha dux muweke kando mpaka upate ushahidi. Jihadhari pia na hati za kughushi, maana watawa wa baadaye waliandika nyingi kwa jina la Mfalme Edward (wa mwisho kati ya wale wafalme wanne) ili kulinda mashamba yao. Hati yenye Godwin shahidi baada ya Aprili 1053 ina kasoro, ama kwenye tarehe ama yote.

Tarikhi ya Waanglo-Saksoni, kumbukumbu za matukio ya mwaka kwa mwaka, isome kwa nakala tatu sambamba, ambazo wataalamu huziita kwa herufi C, D na E. C haimpendi Godwin, E inamtetea, D iko kati. Jaribu kwa mwaka 1036, mwanamfalme Alfred, ndugu wa Edward, alipokamatwa, akatobolewa macho na kufia Ely. C inamtaja Godwin kuwa ndiye aliyemkamata. D inasimulia hayo hayo lakini jina limeondolewa. E imenyamaza kabisa. Ukisoma moja tu, utaandika ama muuaji ama mtu asiye na hatia. Ukiziweka pamoja, utaona kwamba hata waandishi wa kale walijua jambo hili lilikuwa donda.

Tarehe nazo zitakutega. Ugomvi wa 1051, Godwin alipokataa kuwaadhibu watu wa Dover kwa amri ya mfalme, E imeuweka chini ya 1048 na D chini ya 1052. Usipolinganisha utaandika migogoro mitatu badala ya mmoja. Godwin alikimbilia Bruges, ng'ambo ya bahari, na mwaka uliofuata akarudi kwa merikebu. Hapa ndipo nguvu yake inapimika: mabaharia wa Hastings na watu wa Kent, Sussex na Surrey walimfuata. Tarehe 14 Septemba 1052 alifika Southwark, ng'ambo ya London kusini mwa mto Thames, akasubiri maji yajae, akapita chini ya daraja la London akiambaa ukingo wa kusini. Mfalme alikuwa na merikebu 50, lakini watu hawakutaka kupigana wao kwa wao.

Ukoo uuchore kwenye karatasi ya pili. Mkewe Gytha alikuwa dada wa Ulf, aliyekuwa shemeji wa Mfalme Cnut, wa kwanza kati ya wale wanne. Binti yake Edith aliolewa na Mfalme Edward tarehe 23 Januari 1045. Mwanawe Harold alirithi Wessex, na Januari 1066 akawa mfalme.

Mali yake itafute kwenye Kitabu cha Domesday cha mwaka 1086, orodha ya mashamba ya Uingereza na wamiliki wake. Herufi T.R.E. humaanisha "katika siku za Mfalme Edward", na kwa kawaida hulenga hali ya mapema 1066, Godwin akiwa kaburini miaka kumi na mitatu. Hata hivyo mashamba kadhaa, Bosham ya Sussex likiwamo, bado yako kwa jina lake. Jumlisha ya Godwin, Gytha na Harold kila mmoja peke yake, usichanganye. Ukubwa wa mashamba humo hutajwa kwa hide, nayo ichukue kama kipimo cha kodi: husemwa ni ekari 120, lakini ukiizidisha hivyo kupata ukubwa wa shamba utapata jibu la uongo.

Kifo chake kiandike kwa C, nakala ile isiyompenda. Jumatatu ya Pasaka, 12 Aprili 1053, alikuwa mezani na mfalme huko Winchester, ghafla akaanguka akiwa hawezi kusema. Akabebwa hadi chumba cha mfalme, akafariki Alhamisi. Hadithi ya kwamba alikabwa na tonge la mkate baada ya kuapa kuwa hakumuua Alfred ilienezwa na waandishi wa karne ya 12. Iweke katika sehemu yake, chini ya karne hiyo, mbali na safu ya mwaka 1053.