Kumaliza Biblia Nzima kwa Mwaka Mmoja

Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Soma tatu kila siku, Jumapili tano: ni sura 23 kwa wiki, na wiki 52 zinatosha.

Wengi hukwama karibu na wiki ya nne. Kitabu cha Kutoka, sura ya 25, kinaanza vipimo vya maskani (hema la ibada), sanduku la mti wa mshita la dhiraa mbili na nusu, kisha kitabu cha Walawi na sadaka zake. Usiruke. Soma kwa sauti, taratibu, na jioni ongeza Zaburi moja ili moyo usikauke. Zaburi 119 ina mistari 176. Igawe kwa siku nne.

Ukikosa siku, usilimbikize sura kumi usiku mmoja, hutaelewa kitu. Endelea ulipoishia, tarehe ya kumaliza na isogee. Simu ibaki chumba kingine.