Kumtambua mla methani kwenye mafuta ya kome wa bahari kuu

Dodoma iko zaidi ya kilomita 300 kutoka pwani, lakini kazi hii inafanyika hapa bila shida. Kinachofika mezani kwangu si kome mzima, ni unga mkavu wa matamvua yake, kiasi cha ugoro wa kunusa mara mbili tatu.

Kome ninaowazungumzia ni jamii ya Bathymodiolus, kama wale wa Ghuba ya Meksiko, wanaokaa pale methani inapovuja kwenye sakafu ya bahari. Kwenye matamvua wamefuga bakteria wanaokula gesi hiyo, na kome hula kupitia kwao. Methani iliyotengenezwa na vijidudu ina kaboni-13 (isotopu, yaani aina, nzito ya kaboni) kidogo mno, takribani -50 hadi -110 kwa elfu ikilinganishwa na kipimo cha rejea, wakati mwani wa baharini huwa karibu na -20. Alama hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Hatua ya 1: vyombo. Kioo tu. Vifunge kwa foili, vichome tanurini kwa nyuzi 450 kwa saa nne. Kiangazi vumbi letu linaingia hata dirisha likiwa limefungwa, kwa hiyo foili usiitoe mapema. Mimi niliwahi kutumia kifuniko cha plastiki mara moja tu, nikaletewa kilele kirefu cha 149 kwenye mashine ya kupima uzito wa vipande vya molekuli, alama ya kilainishi cha plastiki. Wiki nzima ikapotea. Kila mara endesha na chupa moja isiyo na sampuli.

Hatua ya 2: kutoa mafuta. Miligramu 50 za unga, klorofomu sehemu mbili, methanoli moja. Tikisa, ongeza maji kidogo, acha vitengane. Mafuta yako chini. Katikati kutakuwa na utando mweupe kama wa maziwa yaliyochemshwa. Usiuguse kwa pipeti.

Hatua ya 3: esta, yaani asidi za mafuta zilizounganishwa na methanoli. Chemsha mafuta na methanoli yenye asidi, nyuzi 80, saa moja. Weka akiba ya methanoli ya chupa ileile, utaihitaji.

Hatua ya 4: kutafuta omega-8. Hapa ndipo penye utamu. Viumbe wengi wana asidi ya mafuta ya 16:1 ya omega-7, yaani kaboni 16 na kiungo kimoja maradufu, kinachoanzia kaboni ya saba kutoka mwisho wa mnyororo. Kundi la kwanza la bakteria wala methani lina 16:1 ya omega-8, na kwenye kromatografia ya kawaida (njia ya kutenganisha kemikali) hizi mbili hukaribiana mno. Zichanganye na dimethili disalfaidi na iodini (inanuka kabichi iliyooza, fanyia kwenye kabati la kuvuta mvuke), kisha soma uzito wa vipande: 145 na 217 ni omega-7, 159 na 203 ni omega-8.

Hatua ya 5: hesabu. Esta ina kaboni 17, moja ikiwa ya methanoli yako. Tuseme mashine ya isotopu imetoa -66.0 na methanoli ni -40.0:

(17 × -66.0 + 40.0) ÷ 16 = -67.6

Hiyo haina ubishi. Ugumu uko kwenye namba kama -38. Bakteria wanaoishi kwa salfaidi hufika huko, na methani iliyopikwa na joto la ardhini pia. Ukipata -38, rudi hatua ya 4. Kama umeona 145 na 217 peke yake, usiandike methani kwenye ripoti.