SOMO: Una shamba mjini na unataka kukata viwanja? Soma kabla ya kunipigia simu

Wakuu, wiki hii pekee watu wanne wameniuliza jambo lile lile. Naandika mara moja. Hili ni la Tanzania Bara, eneo la mji ambalo halijapimwa.

1. Hakikisha shamba ni lako: mkataba wa mauziano, na majirani wa pande zote wakiri mipaka mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

2. Nenda idara ya ardhi ya halmashauri, uliza kama eneo limeshachorwa, yaani limeshapangiwa viwanja, barabara na huduma kwenye mchoro wa mipango miji. Huenda shamba lako kwenye mchoro ni shule. Kama kuna mto, acha mita 60 kutoka ukingoni.

3. Mchoro wa mipango miji. Hapa ndipo nilipoungua. Nilinunua "ekari" ya mtaani, hatua 70 kwa 70. Nikashika kalkuleta: 4,900 gawa kwa 400, viwanja 12 vya 20 kwa 20. Nikapokea malipo ya awali ya watu 10. Mpima alipokuja na mashine zake, hata 4,100 haikufika! Hatua yangu si mita, na ekari halisi ni mita za mraba 4,047. Halafu barabara ikachukua sehemu yake. Vikabaki viwanja 7. Watu watatu niliwarudishia hela kwa kukopa, mmoja wao shemeji yangu, na mpaka leo ananisalimia kwa mbali.

Kwa hiyo usipokee hata shilingi kabla mchoro haujaidhinishwa. Na kamati ya halmashauri kupitisha siyo mwisho. Mchoro unapelekwa pia upande wa wizara ya ardhi. Mchoraji awe afisa mipango miji aliyesajiliwa. Atakayekuambia "barabara tutaibana kidogo", muage.

4. Upimaji. Mpima mwenye leseni anaweka mawe ya mipaka, ramani ya upimaji inaidhinishwa. Bila ramani hiyo, mawe ni mawe tu.

5. Kila mnunuzi anaomba hati yake na kulipa kwa kumbukumbu namba (control number ya serikali). Usimpe mtu fedha mkononi.

MASWALI

Baba Shani: Mkuu, bei gani?
– Bei ya nini? Mchoro, upimaji au hati? Eneo lina ukubwa gani?

Baba Shani: Kwani siwezi kuuza huku mchoro ukifuatiliwa?
– Hatua ya 3. Sirudii.

Mlima Nyasi: Kiwanja changu kina hati tayari. Nataka kumkatia mdogo wangu nusu.
– Swali zuri. Hiyo ni njia nyingine. Lipa kwanza kodi ya pango la ardhi unayodaiwa, kisha omba kugawa kiwanja. Kitachorwa na kupimwa upya, hati ya zamani utairudisha, zitoke mbili. Kama iko rehani, anzia benki. Na nusu ya nyuma iwe na njia yake. Ukisema "atapita kwangu", wake zenu watakuja kugombana.

Bi Korosho: Jirani yangu ameng'oa jiwe la mpaka. Nilirudishe?
– Usiliguse, mama. Mwite mpima, atalirudisha kwa vipimo vya ramani. Kung'oa ni kosa kisheria, kamshtaki. Likirudi, zungushia zege.

Bi Korosho: Mpakani nipande minyaa?
– Inashika haraka, ila utomvu wake machoni ni balaa. Una wajukuu? Panda michongoma.

Bi Korosho: Ninao sita. Michongoma basi. Miche naipata wapi?
– Chukua kwa yule jirani. Unamdai jiwe.