Kutu ya Bakteria Katika Mabomba ya Kisima cha Shamba

Mkulima anayetoa bomba la mabati kisimani baada ya miaka michache na kulikuta limejaa vivimbe vya rangi ya chungwa, aghalabu hulilaumu duka lililomuuzia. Kabla ya kununua jingine, achukue bisibisi akwangue kivimbe kimoja. Chini ya ganda jekundu pakiwa na tope jeusi linalonuka yai viza, na chini ya tope hilo kishimo cha duara chenye chuma kinachong'aa, basi bakteria wameshiriki kulila bomba hilo.

Bakteria wa chuma, kama vile Gallionella, huishi katika maji ya ardhini yenye chuma kilichoyeyuka, ambacho hukigeuza kuwa kutu ili kujipatia nishati, na kuacha ukoga mwekundu unaoteleza kwenye kuta za bomba. Vijidudu vya ndani ya ukoga huo huimaliza oksijeni, hata chini yake, pale unapogusana na bomba, hewa isifike kabisa. Hapo huhamia kundi la pili, wanaopumua salfeti, yaani chumvi yenye salfa, badala ya oksijeni na kutoa haidrojeni salfaidi. Gesi hiyo ikikutana na chuma hufanya lile tope jeusi, nalo huharakisha ulaji wa chuma. Ni jambo lililowashangaza wengi walioamini kwamba pasipo hewa hapana kutu, mpaka mwaka 1934 watafiti wawili wa Uholanzi, von Wolzogen Kühr na van der Vlugt, walipoeleza namna mabomba yaliyofukiwa ardhini yanavyoliwa na bakteria hao.

Kwa sababu hiyohiyo, bomba la chuma lisifukiwe kwenye mfinyanzi unaotuamisha maji wala chini ya zizi panapopenya mkojo na samadi, na mbolea ya SA, ambayo ni salfeti ya amonia, isirundikwe karibu nalo.

Si kila kutu ni ya bakteria, hata hivyo. Maji yenye pH (kipimo cha uasidi) chini ya 6.5 huweza kuula upako wa zinki na chuma chenyewe bila msaada wa kiumbe yeyote, na hapo klorini, dawa ya kuua bakteria, haitafaa kitu. Dawa ni bomba la plastiki au chuma cha pua kinachofaa maji hayo. Pima pH kwanza, kwa kuwa kipimo hicho ni rahisi kuliko bomba.

Ikithibitika ni bakteria, toa bomba na ulisugue kwa brashi ngumu kabla ya kutia dawa, kwani klorini haipenyi vizuri chini ya vivimbe. Kisima chenye kipenyo cha sentimita 15 hubeba takriban lita 18 katika kila mita ya maji, kwa hiyo maji ya kina cha mita 40 ni kama lita 700. Kwa kiwango cha miligramu 100 kwa lita, zinahitajika gramu 70 za klorini, yaani takriban gramu 110 za unga wa klorini wa asilimia 65. Uyeyushe katika ndoo ya plastiki, mimina kisimani, kisha pampu maji na kuyarudisha kisimani kwa mpira hadi yanuke klorini, na uyaache kwa saa 12 hadi 24. Usizidishe kiasi, maana klorini nayo hula chuma, wala usiichanganye na asidi, kwani hutoa gesi ya sumu.

Mipira ya umwagiliaji wa matone itenganishwe na bomba kabla ya kazi, la sivyo ukoga uliobanduka utaziba matundu yote. Maji ya kwanza yamwagwe mbali na mboga, bwawa la samaki na mabirika ya mifugo mpaka harufu iishe.

Bakteria hawa hurudi. Ukiona utando unaometameta kama mafuta katika birika la ng'ombe, uguse kwa kijiti: ukivunjika vipandevipande kama kioo, ni wao, ukiungana tena, tafuta mahali oili inapovuja.